Imba Kwanza Nikupime: Fundi wa Magwagwa na Makwapa Sitini na Manne

Saa tatu asubuhi, Jumapili, soko la Magwagwa bado linapiga miayo. Wauza ndizi ndio kwanza wanateremsha mikungu. Lakini ndani ya chumba kimoja cha mabati chenye mlango wa buluu, mzee wa miaka sitini na minane amesimama katikati ya sakafu, mikono juu, macho ameyafumba, anaimba besi mpaka mabati yanatetemeka.

Nyuma yake yuko mwanamke mfupi, mnene kiasi, ameizungusha futi ya kupimia kifuani pa mzee na kuikamata kwa vidole viwili.

"Usikate, Mwalimu! Teremka chini kabisa, pale pa mwisho," anamwambia. "Hapo! Hapo hapo, shikilia!"

Mzee anashikilia. Futi inateleza polepole kati ya vidole. Mwanamke anasoma namba na kuitaja kwa sauti, na mwenzake aliyeketi kwenye cherehani anaiandika daftarini. Mia moja na tano. Alipokuwa kimya, kifua hicho hicho kilikuwa tisini na tisa.

"Umeona?" anamgeukia mwandishi wa makala haya. "Sentimita sita. Hizo sita ndizo zilinimaliza."

Huyo ndiye Orpah Nyanchera, miaka 43, fundi wa nguo katika Kaunti ya Nyamira. Nguo ya kwaya hakupimi mpaka uimbe. Uwe soprano, uwe besi, uwe umeamka na mafua, utaimba. Ukija na haya, utaziacha mlangoni pamoja na mwavuli.

Mzee anayeimba ni Mwalimu Machogu, mwalimu mstaafu na kiongozi wa kwaya ya Waadventista ya hapa. Wiki mbili zijazo ni makambi, ile mikutano mikubwa ya kanisa ya mwezi wa Agosti, na kwaya inataka kupanda jukwaani na nguo mpya: magauni kumi na tisa na mashati kumi na matatu, yote ya buluu. Kazi hiyo amepewa Orpah.

Ukisikia hivyo utadhani ni kazi kama kazi nyingine. La hasha. Kwa Orpah, hii ni kazi aliyoisubiri miaka tisa.

Miaka tisa iliyopita aliishonea kwaya hii hii. Wakati huo alikuwa na cherehani moja ya kukanyaga na, kwa maneno yake mwenyewe, "maringo ya cherehani kumi."

"Niliwapima wakiwa wamesimama kimya kama watu wa picha ya kitambulisho," anasimulia huku akicheka. "Nikakata, nikashona, zikawakaa sawasawa. Kila mtu ananiambia, Orpah, umetuweza. Sasa mimi sikujua mwimbaji ana vifua viwili. Kuna kile cha kusalimia watu, na kuna kile cha kuimba!"

Sabato ya makambi ilifika. Mbele ya umati uliojaza uwanja, Gladys Ombui, mwimbaji mkuu wa soprano, alivuta pumzi, akainua mikono, akapanda kwenye noti ya juu ya ubeti wa mwisho. Gauni lake likapasuka kuanzia kwapani hadi kiunoni.

"Hata watu wa nyuma walisikia," anasema Orpah, na safari hii hacheki. "Trrrr. Lakini huyo mama, wimbo aliumaliza. Mkono ameubana ubavuni kama mtu ameficha yai. Mimi nilikuwa natafuta ardhi inifungukie."

Kuanzia siku hiyo, nguo za kwaya zikawa zinapelekwa Kisii mjini.

"Hawakunitukana. Afadhali wangenitukana! Kanisani wananisalimia vizuri tu, wananiuliza habari ya watoto. Halafu wanapanda gari na vitambaa vyao, wanapita hapa mbele ya mlango wangu. Miaka tisa."

Mwingine angefunga duka akalime chai. Orpah akaenda chuo, na chuo chenyewe kilikuwa Daraja Mbili, lile soko kubwa la wazi pembeni mwa mji wa Kisii. Kila alipopata nauli alikwenda kwenye marundo ya mitumba, jioni wauzaji wakikaribia kufungasha, akanunua nguo zisizotakiwa na mtu. Koti lenye mfuko mmoja. Shati lililoungua pasi. Gauni lisilo na mgongo.

"Wauzaji walidhani mimi ni mwendawazimu," anasema. "Mmoja aliniuliza, mama, hii utavaa wapi? Nikamwambia, sivai. Naenda kufumua."

Na kweli alifumua. Alikaa nazo nyumbani na wembe, akafungua mshono mmoja baada ya mwingine, kuona fundi wa huko ng'ambo alipita wapi na kwa nini. Ndipo alipojua kwamba alichokuwa akikiita ushonaji kilikuwa ni kukimbiza sindano tu.

Muulize leo habari ya mishono, ujiandae kukaa. Ataanza na bandi, ule mshono wa mkono wa hatua ndefu, ndani nje, ndani nje, wa kushikilia vipande viwili kabla ya kuvipeleka kwenye cherehani. Bandi zake anazipiga kwa uzi mwekundu hata nguo iwe ya rangi gani.

"Ili nisisahau kuutoa," anaeleza. "Bandi ni ya kujaribu. Ukimpelekea mteja nguo ya bandi, umempelekea aibu."

Kisha kuna mshono wa kurudi nyuma: sindano inakwenda hatua mbili mbele, inarudi moja, inakwenda tena. Huo ndio wenye nguvu kuliko yote ya mkono, na ndio anaotumia kushona aproni za wachuma chai, kwa sababu mchuma chai hana huruma na nguo yake. Kuna ule wa pindo la gauni, ambapo sindano inadokoa uzi mmoja tu wa kitambaa, kwa nje usione kitu. Kuna wa kuzungushia ukingo usichanike nyuzi. Na kuna wa tundu la kifungo, ambao Orpah anakiri kwamba haukupata kumpenda.

"Huo ni wa Emmah," anasema, na kumwelekeza kidole mwenzake. "Mimi nikishona tundu la kifungo, linafanana na jicho la mtu aliyelia."

Emmah Adhis, miaka 29, anacheka bila kuinua kichwa kutoka kwenye cherehani. Yeye ni wa kule chini, upande wa Sondu. Alifika dukani hapa miaka sita iliyopita kubadilisha zipu ya mkoba wake, akaona foleni ni ndefu na Orpah yuko peke yake, akavuta kiti akaibadilisha mwenyewe. Mpaka leo hajaondoka. Ndiye bingwa wa mashine ya ovaloki, ile ya umeme inayofunga kingo za kitambaa kwa nyuzi tatu kwa wakati mmoja.

Orpah hajui Kijaluo, lugha ya kwao Emmah, hata cha kuombea maji. Ekegusii, lugha ya hapa, Emmah anajua cha kununulia ndizi tu. Kwa hiyo lugha ya duka ni Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kingemliza mwalimu wa sarufi. Lakini nguo zinatoka zimenyooka.

Siku ya kawaida duka huingiza kati ya shilingi mia sita na mia nane: zipu, viraka, sare za shule, suruali za kupunguzwa. Kazi ya kwaya ni ya wiki mbili nzima. Hata hivyo Orpah anasema pesa siyo iliyomnyima usingizi. Aliyemnyima usingizi anaingia mlangoni dakika hii, na Emmah anasimamisha cherehani.

Ni Gladys Ombui mwenyewe, miaka 51, mwanamke mrefu, muuza ndizi wa jumla, amesimama wima kama amemeza mwiko.

"Bwakire," anasalimia.

"Bwakire buya, Dada Gladys. Karibu, karibu sana."

Gladys anakwenda moja kwa moja katikati ya sakafu na kunyoosha mikono. Orpah anamzungushia futi.

"Dada Gladys, ukiimba kidogo tu, hata mstari mmoja..."

"Mimi si redio, Orpah. Siwashwi dukani. Pima."

Orpah anapima. Tisini na sita. Emmah anaiandika na kuweka alama ya kuuliza pembeni. Gladys anashusha mikono, anaaga kwa adabu zote, anaondoka. Mwalimu Machogu anakohoa na kutazama dari.

"Kamati ilikubaliana wote kumrudishia Orpah kazi," mwalimu anaeleza baadaye, nje ya mlango. "Isipokuwa yeye. Alisema, pelekeni, lakini mimi nitakuja kwa sababu ya umoja, si kwa sababu nimesahau. Na hatuwezi kumlaumu. Kuna vijana sokoni, mpaka juzi juzi, akipita walikuwa wanafanya ule mlio. Trrr."

Ndani, Orpah ameketi, futi mapajani.

"Hawa wengine thelathini na mmoja wakipendeza, na yeye apasuke tena, basi," anasema. "Kwaya hairudi hapa mpaka nife. Lakini si kwaya peke yake. Huyo mama nilimharibia. Nataka aimbe amevaa nguo yangu na asifikirie nguo. Ni hilo tu ninalotaka."

Sasa, utampimaje mtu asiyetaka kuimba? Orpah alipiga moyo konde. Jumatano jioni, kwaya ilipokutana kwa mazoezi, alikwenda kanisani akaketi kwenye benchi nyuma ya soprano, amejifanya amekuja kusikiliza. Kumbe jicho lote liko kwenye mgongo wa Gladys, na kwa bahati njema Gladys alikuwa amevaa sweta ya mistari.

"Akiwa kimya, mistari imekaa karibu karibu," anasimulia, mikono yake ikionyesha. "Akianza, inaachana. Akipanda juu, ee Nyasae, ee Mungu, mistari inakimbiana! Nikasema, huyu si sentimita sita. Huyu ni tisa, huyu ni kumi. Huyu mama amebeba pampu ya baiskeli humo ndani!"

Hapo likazuka tatizo jipya. Ukimwongezea gauni sentimita kumi, siku ya makambi halitapasuka, lakini litamning'inia kama gunia la mahindi, na Gladys ni mtu anayependa nguo imkae. Orpah aliwaza siku nzima. Jibu alilipata kwenye sanduku la mitumba aliyoifumua, katika shati moja kuukuu la kiume. Chini ya mkono, pale ubavu na mkono wa shati vinapokutana, palikuwa na kipande kidogo cha pembe nne, ukubwa wa kiganja.

Kinaitwa kikwapa. Washonaji wa kanzu wanakijua tangu zamani. Mkono ukishuka, kinajikunja na kujificha, hutakiona. Mkono ukiinuka na kifua kikijaa, kinafunguka na kutoa nafasi, halafu ubavu wa nguo haujui kama kuna kilichotokea.

"Basi tumwekee," Emmah alisema alipoonyeshwa.

Orpah akakipapasa kile kikwapa cha shati. Kisha akasema, "Tukimwekea yeye peke yake, atakiona. Atasema, hawa wamenitia alama. Atasema wamenikumbusha."

"Sasa?"

"Tuwawekee wote."

Emmah ni mwepesi wa hesabu. Nguo thelathini na mbili, kila moja mikono miwili.

"Yawa!" akashika kichwa. "Mama, makwapa sitini na nne!"

Mwandishi hakuwapo siku hiyo, lakini wote wawili wanaisimulia kwa pamoja, kila mmoja akimnyang'anya mwenzake maneno, na Emmah bado anakishika kichwa.

Kikwapa si kazi ya haraka. Kina pembe nne, na kila pembe cherehani inataka kuiruka. Kwa hiyo kila kimoja kilipigwa bandi nyekundu kwanza kwa mkono, kikakaguliwa, ndipo kikapelekwa kwenye cherehani. Mbavu za nguo Orpah alizishona mwenyewe kwa hatua fupi na kupita mara mbili.

"Ile mwaka nilikuwa nimeweka hatua ndefu, namba nne," anakiri. "Kwa sababu ya haraka. Namba nne ni ya kuvutia marinda, si ya ubavu wa mtu anayeimba! Siku hizi naweka mbili. Uzi unaisha, lakini nalala."

Si kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Alhamisi moja Emmah aliunga vikwapa vya mashati mawili upande usiofaa, akaziba tundu la mkono kabisa. Mwimbaji mmoja wa tenori alipokuja kujaribu alihangaika humo kama paka aliyeingia kwenye mfuko, mpaka wote watatu wakaketi chini kwa kicheko. Ikabidi kufumua.

Ijumaa ya mwisho, mwandishi anafika saa sita mchana na kukuta kimya kisicho cha kawaida. Stima imepotea tangu saa nne. Bila umeme, ovaloki imelala kama jiwe, na nguo kumi na moja hazijafungwa kingo. Gauni la Gladys ni mojawapo.

Kwa Waadventista, Sabato inaingia Ijumaa jua likizama. Baada ya hapo, hakuna sindano, hakuna pasi, hakuna hata kufunga kifungo cha biashara. Na kesho asubuhi ndiyo kwaya inapanda.

Emmah ni Mkatoliki.

"Mama, mimi kesho si Sabato yangu," anasema, bila kumwangalia mtu. "Stima ikirudi, naamka mapema, saa mbili nimemaliza. Wewe hutashika kitu."

Wazo si baya, au sivyo? Mwandishi, nakiri, alishaanza kutikisa kichwa kukubali. Orpah akaweka mkasi chini.

"Hapana, Emmah. Amri inasema usifanye kazi, wewe, na mtoto wako, na mtumishi wako, hata mgeni aliye ndani ya malango yako."

"Na mimi ni nani hapo?"

"Wewe ndiye mgeni wangu wa malangoni."

"Miaka sita, bado ni mgeni?"

"Kwa Sabato tu," Orpah akamwambia. "Jumapili unarudi kuwa wa hapa."

Wakacheka mpaka Emmah akafuta machozi kwa kipande cha buluu. Kisha kila mmoja akatunga uzi kwenye sindano. Ovaloki ikikataa, mkono haujakataa. Mshono wa kuzungushia ukingo ni wa kale kuliko stima: sindano inapanda, inazunguka ukingo, inapanda tena, hatua moja baada ya nyingine, gauni zima.

Habari sokoni haihitaji simu. Saa nane wanawake watatu wa alto wakaingia, wakanawa mikono, wakavuta viti. Saa tisa akaja wa nne. Mwandishi naye akapewa sindano na mkono wa shati moja. Alishona kwa bidii nusu saa, akaunyanyua kwa fahari. Emmah aliuangalia, akasema "asante sana, mgeni," kisha akaufumua wote na kuanza upya.

Saa kumi na moja na nusu Mwalimu Machogu akaja kusimama mlangoni na saa yake ya mkono. Kusimama kule peke yake kulikuwa na kelele.

"Mwalimu, ukae ama uende," Orpah akamwambia, uzi umebanwa menoni. "Hapo unanizibia mwangaza."

Saa kumi na mbili na dakika kumi na tano pindo la mwisho likakatwa uzi. Emmah akalikagua gauni la Gladys ndani na nje, akatoa bandi nyekundu moja iliyokuwa imejificha kwenye kola, akalikunja. Gladys alikuwa amefika wakati huo huo, mfuko mkononi.

"Dada Gladys, lijaribu basi hapa, dakika mbili tu. Jua bado lipo."

"Nitalijaribu kesho."

"Kama kuna mahali pa kurekebisha..."

"Kesho, Orpah. Sabato njema."

Akaenda zake. Orpah akaifunika cherehani kwa leso, akafunga mlango wa buluu, na jua likaangukia nyuma ya vilima. Alikuwa amefanya yote yaliyo ndani ya uwezo wake na bado hakujua kama gauni litatosha.

Sabato, uwanja umejaa. Kuna kwaya zilizotoka mbali, nyingine kutoka Itumbe kwenye viwanda vya chai. Orpah ameketi safu ya nne. Kando yake ameketi Emmah, Mkatoliki wetu, amevaa vizuri kuliko Waadventista wengi.

Kwaya inapopanda, mnong'ono unapita kwenye mahema. Buluu imekaa. Mashati yamekaa. Magauni yanateremka kutoka mabegani bila kubana wala kuning'inia. Msichana mmoja nyuma yetu anamwambia mwenzake, "Hii gauni imeweza!" Orpah hasikii. Midomo yake inasogea, na ukisogea karibu utagundua hafuatishi wimbo. Anahesabu beti.

"Bado wa mwisho," anamnong'oneza Emmah. "Bado wa mwisho."

Wimbo ni utunzi wa Mwalimu Machogu mwenyewe, na mwalimu hakuwahurumia soprano. Unapanda ngazi kwa ngazi. Ubeti wa mwisho unafika. Gladys Ombui anapiga hatua moja mbele, na kwa muda mfupi mkono wake wa kulia unabaki ubavuni, umebanwa. Aliyekuwapo miaka tisa iliyopita anajua ni kwa nini. Orpah ameukamata mkono wa Emmah, na Emmah anauma midomo kwa maumivu.

Kisha Gladys anavuta pumzi, anaiachia mikono yote miwili, inapanda. Noti inatoka. Inapanda, inakaa, inaendelea kukaa, mikono inazidi kupanda, kifua kimejaa, na Gladys hatazami nguo, anatazama juu na amefumba macho. Hakikusikika kitu kingine chochote uwanja mzima ila sauti yake.

"Amina!" mtu akapiga kelele kabla wimbo haujaisha. Halafu amina zikaja kama mvua.

Orpah analia na kucheka kwa pamoja. Emmah anapapasa vidole vyake kuona kama vyote vipo. Kabla ya chakula cha mchana, viongozi wa kwaya mbili za wageni wameshamfikia wakiuliza bei. Na yeye, aliyesubiri swali hilo miaka tisa, anawapungia mkono.

"Leo sizungumzi biashara. Leo ni Sabato. Njooni kesho."

Lakini Gladys hakuja. Alimpita kwenye mlango wa hema, akamwambia Sabato njema kama alivyomwambia jana yake, akaenda na wenzake. Furaha ya Orpah ikapungua kidogo. "Si kitu," alisema. "Ameimba. Nilisema nataka hilo tu."

Jumapili, saa moja asubuhi, mwandishi anakwenda kuaga na kumkuta Orpah anafungua kufuli. Kuna mtu ameshatangulia kwenye benchi la nje. Ni Gladys, gauni la buluu mapajani, limegeuzwa ndani nje.

"Umeniwekea kitu kwapani," anasema, hata salamu bado.

Orpah anasimama na kufuli mkononi. "Ndiyo, Dada Gladys."

"Nilikiona jana nikivua. Nikakasirika. Nikasema, huyu mwanamke amenitia kiraka kwa sababu anajua mimi nitapasuka." Anapumua. "Nikaenda kwa jirani yangu wa alto, nikamwambia, lete gauni lako. Nikaligeuza. Anacho. Nikaenda kwa wa pili. Anacho. Nikampigia Mwalimu Machogu simu nikamwambia, vua shati uangalie kwapani. Mzee wa watu akaenda akavua. Anacho!"

Emmah, aliyekuwa anafika, anaegemea ukuta kwa kicheko.

"Wote thelathini na wawili?" Gladys anauliza.

"Wote."

"Kwa sababu yangu?"

Orpah anaangalia chini. "Wote wanapumua, Dada Gladys."

Gladys analigeuza gauni upande wake. Kisha uso ule uliokaa wima wiki mbili unaachia, na anacheka, kicheko cha soprano kinachovuka barabara, na wauza ndizi wanageuka kuona kuna nini. Anajisogeza kwenye benchi na kupapasa nafasi iliyobaki. Orpah anaketi.

Wageni wa Itumbe watafika saa tatu kwa ajili ya vipimo. Mwandishi anatumia nafasi hiyo kuuliza swali lake la mwisho: sasa nini? Orpah amekuwa na jibu siku nyingi. Anataka chumba cha pili hapo nyuma. Anataka cherehani tatu za kukanyaga, za kukanyaga hasa, ili stima isiwe sababu. Na anataka, kuanzia Januari, kuchukua wasichana sita waliomaliza shule na kuwafundisha kuanzia sindano ya mkono: bandi, kurudi nyuma, pindo, tundu la kifungo kwa Emmah. Mwezi wa kwanza hakuna kugusa cherehani, ni kufumua mitumba tu.

"Sijui kama wazazi watakubali," anasema. "Mtu amlete mtoto wake kwa fundi wa kijijini, aliyewahi kuharibu? Wengi watasema apelekwe Kisii mjini."

Gladys anaanza kulikunja gauni lake, mkono kwa mkono, pindo kwa pindo.

"Andika wamebaki watano," anasema. "Wa kwanza ni binti yangu, na nitamleta mwenyewe."